Bwana Afya na Maji ya Mkondo

Hapa Garsen kila mtu alimjua, na hakuna aliyefurahi kumwona akija. Ukiona vile viatu vyake vya mpira vyeupe vinakata kona ya soko, basi maziwa yatafunikwa upesi, mahamri yatarushiwa kitambaa, na mama mmoja atakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Tulimwita Bwana Afya. Jina alilopewa na mamake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia leo. Kwao pia sikutajii. Huku kwetu ukitaja mtu katoka wapi, wasikilizaji wanaacha kusikiliza, wanaanza kupima yuko upande gani.

Mimi nina hoteli. Si hoteli ya kulala, la hasha, ni ya chai na mahamri asubuhi, wali na samaki mchana. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya jiko langu, na kati yetu palikuwa na wigo wa makuti uliochakaa hata ukikohoa huku unapewa pole kule. Kwa hiyo mengi nitakayosema niliyasikia mwenyewe. Sikuwa nikidukua, nilikuwa nakaanga samaki, na masikio hayana mfuniko.

Alikuwa na neno lake moja: "Chemsha kwanza, tubishane baadaye." Alilisema kwa maji, kwa maziwa, na hata kwa vijana wawili waliokamatana mashati kwa ajili ya mpira wa televisheni. Watoto wa shule walilifanya wimbo wa kumkejeli. Akipita tu, "Chemsha! Chemsha!" Mtu mwingine angewafukuza. Yeye alikuwa akiinua mkono juu kama mgombea kura, anatabasamu, anaendelea na safari yake. Nilimwambia, "Bwana Afya, wanakucheka hao." Akasema, "Najua. Lakini wamelishika."

Tulivyojuana ni kwa ugomvi. Alinimwagia ndoo nzima ya juisi ya ukwaju mbele ya wateja wangu, saa saba mchana, jua limewaka. Mungu anisamehe, maneno niliyomtolea siku ile siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Kesho yake, nafungua mlango alfajiri, nakuta ndoo mpya mlangoni, yenye kifuniko na bomba lake dogo, na ndani ya ndoo kipande cha sabuni. Mwenyewe hayupo. Nilikasirika zaidi, maana sasa nilikuwa na deni la shukrani kwa mtu niliyetaka kuendelea kumnunia.

Vituko vyake vilikuwa vingi. Mtu anayezunguka maboma ya wafugaji kutwa, lakini alimwogopa ng'ombe kama simba. Niliwahi kumwona juu ya kichuguu pale njia ya Minjila, mkoba kichwani, ndama watatu wamemzunguka wanamshangaa. Halafu alivuta sigara, tena nyingi. Ukimwuliza, "Wewe si ndiye Bwana Afya?" anakujibu bila aibu, "Hii haikuambukizi wewe, Mama Neema. Hii ni yangu peke yangu."

Na kwa watu hakula wala hakunywa. Harusini, matangani, kwa chifu, popote, alikuja na chupa yake ya chai kwapani. Nyie mnajua huku jambo hilo lilivyo. Mtu akikutembelea ukampa maji akayakataa, amekukataa wewe na nyumba yako. Wakulima walisema anawadharau kwa sababu wana matope miguuni. Wafugaji walisema anawadharau kwa sababu wananuka moshi na maziwa. Siku moja nilimkalisha nikamwambia wazi kwamba anajitenga na watu mwenyewe. Akainamisha kichwa. "Mama Neema," akasema, "mimi nimeangalia haya maji kwenye darubini. Ukishaona huwezi kusahau. Mtu ananiletea kikombe kwa mapenzi, nami nampenda, lakini naona vile vidudu vinatembea." Nilimhurumia na bado nilimwona mjinga.

Jioni alicheza drafti. Ubao alijichongea, kete zilikuwa vifuniko vya soda, na wa kucheza naye hakuwako. Basi akacheza pande zote mbili. Mimi namwaga majivu nasikia upande wa pili: "Hapo umekosea, bwana." Kete inagonga ubao. "Sikukosea, nakutega." Kisha anacheka kidogo peke yake. Mkewe alikuja mara moja, akakaa kipindi cha mvua, akaondoka. Nilipomwuliza akasema joto lilimshinda. Kule ndani nilikuwa nimewasikia wakiagana, na sikusikia neno la joto.

Sasa niseme habari ya mbio, kwa sababu bila mbio huwezi kumwelewa.

Mbio za Mkondo zilianzishwa baada ya ile miaka ambayo Wapokomo wenye mashamba ya mto na Waorma wenye ng'ombe hawakuwa wakisalimiana, na siongezi neno hapo. Zinakimbiwa maji ya mafuriko yanapopungua, wakati sisi tunapanda na wao wanashusha mifugo kwenye majani mabichi. Wakimbiaji wanaanzia Minjila, wanateremka bondeni, wanavuka mkondo, kisha wanazunguka mpaka uwanja wa Garsen. Ni mwendo mrefu wa jua kali na matope, na wengine hufika wakitambaa. Lakini jambo lenyewe liko pale kivukoni. Wazee wawili husimama, mmoja wa mashamba na mmoja wa ng'ombe, kila mmoja ameshika kata ya kifuu cha nazi. Mkimbiaji akifika anachotewa maji papo hapo mkondoni, anayanywa, halafu anajitosa mpaka kifuani na kuvuka. Mzee wa mashamba anamnywesha mtoto wa wafugaji, na mzee wa ng'ombe anamnywesha mtoto wa wakulima. Asiyekunywa hahesabiwi hata akiwa wa kwanza. Maana yake ni kwamba sina kinyongo na wewe, maji ni yetu sote. Mwaka wa kwanza watu walilia pale kivukoni, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kabla ya mbio vijana hupiga maji kwa magongo ili mamba wasogee. Mamba tulimwogopa. Maji yenyewe hakuna aliyeyawazia.

Isipokuwa yeye. Mwaka ule mafuriko yalikuwa makubwa, vyoo vilizama, na mifugo ilikuwa mingi. Bwana Afya akaomba nafasi barazani kwa chifu. Akasimama na kipaza sauti chake, akasema kwamba maji ya mkondo yakiwa vile ni hatari kwa mtu aliyechoka, mwenye michubuko miguuni, anayehema mdomo wazi. Akataja kichocho kinachopita kwenye ngozi, akataja kuhara na homa ya matumbo. Halafu akataja homa nyingine inayoingilia kwenye jeraha na mdomoni, ikala ini na figo, na kwamba inatokana na mkojo wa wanyama, wakiwemo ng'ombe.

Ah! Pale pale babake Halima akasimama. Huyu ni mfugaji, mtu wa heshima, na bintiye ndiye aliyekuwa mkimbiaji bora kuliko wote katika wilaya nzima, kwa macho yangu. Akasema, "Kwa hivyo ng'ombe yetu ndio chafu? Sisi tunakunywesha watu mkojo?" Wenzake wakaguna. Bwana Afya akatoka jasho, akataka kurekebisha. Akasema si ng'ombe tu, panya wa mashamba ya mpunga ndio wabaya zaidi, na pia watu wa kando ya mto wanajisaidia vichakani. Basi wakulima nao wakainuka! "Eti sasa ni sisi?" "Nani amekutuma?" "Umelipwa na nani?"

Alikuwa anaongea habari ya vidudu, na watu walisikia habari ya nani kamchafulia nani. Hapa kwetu huwezi kusema maji ni machafu bila mtu kukuuliza yamechafuliwa na nani. Hakulijua hilo, miaka yote aliyokaa. Chifu akafunga baraza. Bwana Afya akapita kwangu kwenye wigo, akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Nimetaka kuwaokoa, nimewapatia sababu ya kupigana." Nilimjibu, "Nenda ulale." Nikasikia ubao wa drafti ukifunguliwa.

Mbio zikafanyika. Halima alifika kivukoni wa kwanza, akanywa kata yote kwa mbwembwe, watu wakapiga vigelegele. Katikati ya mkondo akateleza, akazama kichwa, akaibuka anatema maji na kucheka. Alishinda. Nilimpa soda mimi mwenyewe, na vidole vya miguu vilikuwa vinamvuja damu kwa miiba.

Siku chache tu, watoto wakaanza kuhara. Tukasema ni uchovu. Wakapona wengi. Halafu, tumeshasahau, homa zikaingia. Tukasema malaria, kama tunavyosema kwa kila homa. Bwana Afya hakulala. Alikwenda nyumba kwa nyumba, anabisha hodi: "Huyu alikimbia? Alikunywa? Nionyeshe macho." Kwa wengine alifukuzwa na fimbo. Mama mmoja alimwambia, "Unatafuta wagonjwa kama fisi." Kwa babake Halima hakuruhusiwa hata kuvuka uzio.

Kisha likaanza neno, na neno likianza Garsen halichelewi kufika mwisho wa mji. Kwamba Bwana Afya aliahidi ugonjwa, na ugonjwa umekuja. Sasa aliujuaje? Ni yeye aliyetia kitu majini, ili aonekane alisema kweli.

Alasiri moja wakajaa uani kwake, wa mashamba na wa ng'ombe pamoja. Nasikitika kusema hivi, lakini tangu ile miaka ya ubaya sikuwa nimewaona wamesimama bega kwa bega namna ile. Babake Halima alikuwa mbele. "Ulitia nini?" akauliza. "Mtoto yangu macho imekuwa manjano. Ulitia nini?"

Niliacha samaki jikoni wakaungua. Nilidhani watamuua. Bwana Afya alitoka ndani na viatu vyake vya mpira, akasogea mpaka karibu na yule baba kabisa. Akasema, "Macho ni ya manjano? Na mkojo? Mweusi kama chai ya rangi? Nyama za miguu zinamuuma?" Baba akaitikia kwa kichwa, hasira imemkatikia njiani. "Basi nilaumuni kesho," Bwana Afya akasema. "Nitakuwa hapa hapa, sitakimbia. Leo mtoto aende hospitali, na mwambieni daktari alizama mkondoni." Mtu mmoja akapaza sauti kwamba asisikilizwe. Bwana Afya akapiga magoti. Nasema alipiga magoti, kwenye vumbi, mtu mzima wa serikali, mbele ya watu waliokuja kumpiga. "Baba Halima, tafadhali. Leo."

Yule baba aligeuka akakimbia. Halima alilazwa muda mrefu, figo zikasumbua, akapona. Kukimbia tena hakukimbia. Na kesho yake watu walirudi kweli kumlaumu, naye alikuwepo kweli, amekaa mlangoni kama alivyoahidi. Walimtukana mpaka wakachoka. Hakuna aliyesema alikosea, na hakuna aliyesema wao walikosea.

Ilipokaribia mwaka mwingine, wengi walitaka mbio zifutwe. Wazee wakakataa, wakasema zikifutwa kila upande utasema ni mwingine uliozifuta, na tutarudi tulikotoka. Bwana Afya aliniita kwenye wigo. Akaniambia ana wazo. Maji yachotwe pale pale kivukoni, na mwanamke wa mashamba na mwanamke wa ng'ombe washike ndoo moja. Yachemshwe mekoni kwa moto mmoja usiku wa kuamkia mbio, yapoe, yanywewe kwa kata zile zile. Yanabaki maji ya mkondo. Na kuvuka, wakulima walete mitumbwi, wafugaji walete kamba zao za ngozi, mitumbwi ifungwe ubavu kwa ubavu, watu wapite juu bila kugusa maji.

"Wazo zuri sana," nikamwambia. "Nenda ukaliseme."

Akatikisa kichwa. "Liseme wewe, Mama Neema. Nikisema mimi hayatachemka."

"Na wewe je?"

"Mimi nataka yachemke."

Nikalisema barazani. Jamani, lilipita kama siagi! Walibishana kidogo tu habari ya kuni, kisha babake Halima mwenyewe akaleta kamba, nzuri, zilizosukwa upya. Sufuria zilikuwa zangu. Nilipigiwa makofi na chifu akanitaja. Palepale nikasimama nikasema wazo si langu, ni la Bwana Afya. Wakacheka! Wakadhani nafanya mzaha. Nimelirudia mara nyingi tangu siku ile, sokoni, kanisani, msibani, na kila mara watu wanasema, "Mama Neema na maneno yake." Inaniuma, sijui nimweleze nani.

Alistaafu baada ya hapo. Hakuna aliyemfanyia sherehe. Alihamia chumba cha kupanga kule Minjila, na wigo wangu ukawa hauna mtu wa upande wa pili. Mfanyakazi mpya alipewa nyumba, kijana mpole, anakunywa chai kila mahali, watu wanampenda.

Mwaka huu mbio zilikuwa za kupendeza. Watoto walipita juu ya mitumbwi wakiyumba, wengine wakipiga kelele kwa raha. Siku zikapita baada ya mbio, na hakuna aliyeugua. Ndipo nikaanza kusikia maneno hotelini kwangu. Kijana mmoja, mdomo umejaa mahamri, akasema, "Si mnaona? Maji hayakuwa na neno. Kuni zote zile tunachoma bure." Wenzake wakaafiki. Nilimwambia amalize chai aondoke. Halafu nikavua aproni, nikamwachia Neema jiko, nikashika njia ya Minjila.

Nilimkuta nje ya chumba chake, kivulini. Amekonda. Mbele yake kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa, vile vya kuazima vya msibani, vyote vitupu. Aliponiona alisimama haraka, akanisogelea, akanishika uso kwa mikono miwili akaniangalia macho.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Wewe?"

"Siumwi. Nimekuja kukusalimia tu."

Hakuelewa. Ikabidi niseme tena. Akaniachia, akavuta kiti kimoja akakifuta kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. Nikamwuliza viti vya nini. Akasema homa ile haiji upesi, ina siku zake baada ya maji, na kwamba siku hizo zote alikuwa akivitoa nje asubuhi na kuvirudisha jioni, ili mtu akija na mgonjwa apate pa kukaa. Nikamweleza wanavyosema watu, kwamba maji hayakuwa na neno. Nilitegemea akasirike. Nilitaka akasirike, tukasirike wote wawili.

"Waache waseme," akasema. "Mwenye homa ile hana hata nguvu ya kubisha."

Halafu akataka niwataje. Alitaka kila mtoto aliyekimbia niliyemjua, mmoja mmoja, na mimi niseme. Yule wa Idsowe? Mzima. Mapacha wa fundi baiskeli? Wazima, jana walivunja dirisha langu. Na Halima, ingawa hakimbii tena? Mzima, anaolewa. Kila nikisema mzima alifumba macho kidogo. Tulipowamaliza akaviangalia vile viti.

"Leo ndiyo siku ya mwisho ya kungoja," akasema. "Hajaja mtu." Alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka, wala hakuyapangusa. "Mwaka ule wa Halima ua wangu ulijaa, unakumbuka? Walinitukana mpaka jua likazama. Lakini walikuja, Mama Neema. Walikuja wote."